Bildi Katika Nyanza

Mabaharia wa mwambao walikuwa na kifaa kidogo kiitwacho bildi. Ni tonge la risasi lililofungwa kwenye kamba ndefu, likashushwa ubavuni mwa jahazi mpaka likagusa chini. Kamba ilihesabiwa kwa pima, na pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, yapata mita 1.8. Kwa hivyo kilindi kilipimwa kwa mwili wa binadamu: pima baada ya pima, mpaka nahodha akajua kama chombo kina nafasi ya kupita. Mabaharia wa mataifa mengi waliipaka shahamu sehemu ya chini ya bildi, ili ipande na chembe za mchanga au tope na kueleza mahali palivyo. Kipimo hicho kikaingia hata katika majina ya miji. Kilindini ya Mombasa ni bandari, lakini jina lake ni taarifa ya kina: hapa maji ni marefu, meli kubwa na ije.

Historia ya bildi aghalabu husimuliwa kwa habari za bahari. Makala haya yanalifuata hadi bara, Mwanza, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, ambako sakafu ya maji ilichelewa kujulikana kuliko vilindi vya Pasifiki.

Nyakato ni kata ya Ilemela jijini Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Ni mahali pa viwanda, maduka na makazi, katika mji ambao nyumba zake hupanda vilima katikati ya mawe makubwa ya itale. Mawe hayo hayaishii ufukweni. Yanashuka chini ya maji, yakatokeza tena kuwa visiwa, kama Saanane, au kuwa nguzo, kama lile jiwe la Bismarck lililosimama majini mbele ya mji. Mengine hayatokezi kabisa. Yanabaki pima moja au mbili chini ya uso wa maji, hayaonekani na hayasahau. Anayeitazama Mwanza kutoka Nyakato anaona nusu ya ardhi yake tu. Nusu ya pili imefunikwa, na kila aliyetaka kuijua ilimbidi ashushe kitu.

Ziwa lenyewe lina majina mengi. Waganda huliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na watu wa kusini na wasafiri wa pwani walilijua kwa jina la Nyanza au Ukerewe. Ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba 68,800, wala hakuna ziwa kubwa kuliko hilo barani Afrika. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini upana huo humdanganya mtazamaji. Tanganyika, ambalo ni jembamba, linazama hadi mita 1,470. Nyanza halifiki hata mita 90, na wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Ni sahani, si mtungi. Na sahani hiyo, kama itakavyoonekana, ni ngumu kuipima kuliko mtungi.

Habari zake zilizowafikia waandishi wa ramani za Ulaya zilitoka kwanza vinywani mwa wafanyabiashara wa pwani. Huko Kazeh, palipo Tabora ya leo, Waarabu na Waswahili waliotoka Unguja na Bagamoyo kutafuta pembe walizungumza juu ya ziwa la kaskazini, kubwa kupita lile la Ujiji. Mmoja wao, Snay bin Amir, aliwaeleza habari hizo Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke. Speke akapanda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuchukuliwa utumwani na kuishi India kabla ya kurudi Afrika. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akayaona maji kutoka kilimani karibu na Mwanza. Alikaa siku chache, asipande chombo. Kwa kipimajoto na maji yanayochemka alikadiria mwinuko wa ziwa, na tarakimu yake haikuwa mbali na ya leo. Urefu wa ziwa kutoka baharini aliupata akiwa amesimama ufukweni. Kina chake hakukigusa. Hata hivyo alirudi akidai kuwa amekiona chanzo cha Nili, na Burton akambishia mpaka Speke alipofariki Septemba 1864.

Wakati huo wote ziwa lilikuwa na wajuzi wake. Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wajaluo, Wahaya na Waganda walilivuka kwa mitumbwi na kulivua. Na ufundi wa mwambao nao ulikuwa umepanda bara. Katika pande za Kagehi na Ukerewe aliishi mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi la kusafiria ziwani, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari iliyolizaa umbo la chombo hicho. Jahazi hilo liliuzwa kwa wamisionari wa Kianglikana, na mgogoro uliolizunguka ukaishia kwa damu. Desemba 1877, huko Ukerewe, Luteni Shergold Smith, aliyepata kutumika katika jeshi la majini la Uingereza, na mwenzake O'Neill waliuawa pamoja na Songoro na wengi waliokuwa nao, baada ya kuhitilafiana na mtawala Lukonge. Hakuna daftari la Songoro lililobaki kueleza alijua nini juu ya miamba na mafungu ya ziwa lile. Yamkini alijua mengi. Chombo cha tanga hakisafirishwi kwa kubahatisha.

Aliyeacha daftari ni Henry Morton Stanley. Tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kagehi kwa mashua ya Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Alilizunguka ziwa, akarudi Kagehi tarehe 6 Mei. Ramani aliyoipata ilikuwa ya mzingo: ghuba, rasi na visiwa. Ilithibitisha kwamba Nyanza ni ziwa moja, wala si kundi la maziwa kama wengine walivyodhani. Mwezi uleule wa Machi 1875, upande wa pili wa dunia, meli ya utafiti ya Uingereza iitwayo Challenger ilishusha kamba katika Pasifiki ya magharibi, na tarehe 23 ikapata pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,000, katika eneo lenye vilindi virefu kuliko vyote vya bahari. Tarehe hizo mbili zafaa ziwekwe pamoja. Binadamu alikuwa amekwisha kugusa shimo la Pasifiki ilhali sahani ya Nyanza haijajulikana hata ukingo wake.

Watu wa pwani walikuwa na sababu ya kuwatazama wapimaji kwa tahadhari. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen, akiwa na meli Leven na Barracouta, alipima pwani ya Afrika ya Mashariki kwa kazi ngumu iliyowaua wengi wa mabaharia wake kwa homa. Alipofika Mombasa Februari 1824 aliwakuta Mazrui wakitafuta kinga dhidi ya Seyyid Said, akatangaza himaya ya Kiingereza iliyodumu hadi 1826. Aliyekuja kupima maji akaacha bendera. Ziwani mambo yalikwenda kinyume: bendera ilitangulia bildi. Mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ambao kwa huo Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Kiingereza, uliendeleza mpaka juu ya maji ya Nyanza katika latitudo ya digrii 1 kusini. Ziwa likagawanywa kwa rula na watu wasiojua lina nini chini yake. Mstari huo ndio mpaka wa Tanzania na Uganda hadi leo, na sangara huuvuka asubuhi na jioni.

Haja ya kina ilikuja pamoja na meli za moshi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na mizigo iliyokuwa ikishushwa hapo ilihitaji njia za majini kwenda Entebbe, Bukoba na Mwanza. Katika miaka hiyo Kamanda B. Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza aliichora pwani na kupima vina, na kazi ya wapimaji wa enzi hiyo ikawa msingi wa chati za ziwa kwa miongo mingi. Chati hizo zilijibu swali la mwenye meli: je, chombo hiki kitapita? Nukta za kina zilikuwa nyingi kwenye njia za bandari na chache penginepo. Mapema sana ziwa lilionyesha gharama ya nafasi iliyoachwa wazi. Novemba 1914, vita vikiwa vimeanza, meli ya Kiingereza Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, katika maji ya Wajerumani, ikabidi iachwe hapo mpaka mwaka uliofuata. Ilikuwa imetoka kumtafuta Mjerumani; iliyeshindwa naye ni jiwe.

Swali la pili lilikuwa la samaki. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Nyanza, na mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa uvuvi wa maji baridi ya Afrika ya Mashariki ikaanzishwa Jinja. Kwa mtafiti wa samaki, sakafu si hatari ya kuepukwa bali ni makazi. Anataka kujua kama chini ni mwamba, mchanga au tope, na kama hewa inafika huko. Katika miaka hiyo hiyo bildi lenyewe lilikuwa likibadilika na kuwa mwangwi.

Kanuni ya mwangwi ni nyepesi. Mtambo ulio chini ya chombo hutoa mlio ambao aghalabu sikio la mtu halinasi, kisha hungoja urudi. Sauti husafiri majini yapata mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 60 mlio hushuka na kurudi ndani ya sehemu 8 za mia za sekunde. Baharia wa zamani alitia bildi mara moja akavuta kamba kwa jasho. Mtambo hutia bildi mara kadhaa kila sekunde, usiku na mchana, na satelaiti hueleza kila mlio ulitolewa mahali gani. Mitambo mipya zaidi hutandaza mamia ya mihimili ya sauti kwa pamoja, ikaifagia sakafu kama mfagizi badala ya kuidonoa kama kuku.

Lakini ufagio huo hupanuka kadiri ya kina. Penye bahari ya mita 4,000 ukanda mmoja wa sonari huwa na upana wa kilomita kadhaa. Penye mita 10 ukanda huo ni wa makumi ya mita tu. Kwa hiyo maji mafupi, yanayoonekana mepesi, ndiyo yanayodai siku nyingi na mafuta mengi. Maji ya Nyanza nayo mahali pengi yamechafuka kwa tope na mwani, hivyo jicho la satelaiti, liwezalo kuona sakafu ya bahari safi yenye matumbawe, hapa hupofuka. Na sakafu yenyewe si sakafu kwa maana ya fundi mwashi. Sehemu kubwa imefunikwa na tope laini lenye maganda ya daiatomu, mimea midogo ya majini. Mlio wa masafa ya juu hurudi ulipogusa uso wa tope. Wa masafa ya chini hupenya na kurudi kutoka kwenye tabaka la chini zaidi. Ukiuliza ziwa linaishia wapi, mitambo miwili inaweza kukupa majibu mawili, na yote yakawa ya kweli.

Ghuba ya Mwanza ilipata bahati ya kuchunguzwa kwa subira kabla ya mambo kuharibika. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi hapo pamoja na Watanzania, wakivua kwenye mstari unaokata ghuba kutoka Butimba hadi ng'ambo. Waliwachunguza furu, samaki wadogo ambao ziwani walikuwa na aina zipatazo 500. Ikaonekana kwamba furu waligawana ziwa kwa kina na kwa sakafu: hawa wa tope, hawa wa mchanga, na hawa wa mawe, wajulikanao kwa jina la mbipi. Kumbe ramani ya chini ilikuwa pia ramani ya uhai. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alikuwa akiongezeka, na katikati ya miaka ya 1980 akajaa ghubani. Aina nyingi za furu zikatoweka, hasa za maji ya wazi na za tope. Wa mawe walinusurika zaidi, kwa kuwa mawe yana mianya ambayo mwindaji mkubwa haingii.

Sangara akaleta viwanda, viwanda vikataka hesabu. Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao Jinja. Tangu mwaka 1999 watafiti wa nchi tatu, ikiwamo taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, TAFIRI, walianza kulivuka ziwa lote kwa mitambo ya mwangwi, wakitumia meli Victoria Explorer, ili kukadiria wingi wa sangara, dagaa na wengineo. Hapa historia ikatoa zawadi isiyoombwa. Mlio uliotumwa kumtafuta samaki ulipompita samaki uligonga chini na kurudi, nao ukarekodiwa. Safari baada ya safari, waliohesabu samaki wakawa wamepima ziwa.

Katikati ya miaka ya 2010 mwanajiografia Stuart Hamilton na wenzake walizikusanya nukta hizo pamoja na za chati za zamani, zaidi ya nukta milioni 4 zilizopatikana katika muda wa miaka kama mia moja, wakatengeneza ramani ya kina ya ziwa zima. Kazi ya Whitehouse na ya mtambo wa dagaa zikalala kwenye karatasi moja. Sahani ikaonekana ilivyo: haina ulinganifu, inateremka polepole kutoka magharibi, na vilindi vyake vikubwa vimeegemea upande wa mashariki.

Umbo hilo lina habari ya kale kuliko meli zote. Mwaka 1995 na 1996 msafara wa kimataifa uliokuwa na mwanajiolojia Thomas Johnson wa Marekani ulipitisha milio yenye kupenya ndani ya tope la Nyanza, ukatumbukiza mabomba marefu na kutoa mihimili ya mashapo, kama vile bildi la zamani lilivyopandisha mchanga kwa shahamu. Chini ya tope la ziwa walikuta tabaka gumu lililokauka, lenye alama za mizizi. Mahali penye kina kirefu palikuwa nchi kavu. Katika vipindi vya ukame vya mwisho wa zama za barafu, baina ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, Nyanza lilikauka. Kisha mvua zikarudi, na yapata miaka 14,600 iliyopita likajaa tena. Ziwa linaloonekana la milele ni changa kuliko michoro mingi ya mapangoni. Habari hiyo iliwatia wanabiolojia katika mjadala, kwani ilionyesha kwamba furu wa aina mamia walitokea kwa muda mfupi mno. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulieleza sehemu ya siri hiyo: wahenga wao walikuwa mchanganyiko wa koo mbili za kale, na mchanganyiko huo uliwapa mtaji wa tofauti nyingi.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya kuitambua hadithi hii, kwa kuwa ni yake pia. Katika zama hizohizo za barafu usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita zipatazo 120. Mlango wa bahari baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi ya mita tu. Kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mtu angeweza kwenda kwa miguu. Pemba sivyo: mkondo wake ni wa mamia ya mita, nayo ilibaki kisiwa. Jambo hilo halikujulikana kwa kuangalia visiwa bali kwa kupima kilichoko kati yake. Wakati Nyanza lilipokuwa mbuga, mlango wa Unguja nao ulikuwa nchi kavu. Maji yakaja kotekote, kule kwa mvua, huku kwa barafu iliyoyeyuka mbali. Kisiwa na ziwa vilizaliwa katika zama moja.

Kuna jambo moja ambalo baharia wa pwani angelishangaa ziwani. Yeye huhesabu maji kujaa na kupwa, na chati yake humwambia kina ni cha maji gani. Nyanza halina bamvua wala maji mafu yanayoonekana, lakini lina kupwa na kujaa kwa miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mei 2020 likavuka kidogo kipeo cha 1964. Mwamba ulioandikwa pima moja katika mwaka wa mafuriko huwa mtego katika mwaka wa ukame. Kina si tarakimu ya kuandikwa mara moja na kufungiwa kabatini. Ni neno linalotaka tarehe.

Haya yote yangekuwa elimu ya kupendeza tu lau ziwa lisingekuwa njia ya watu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitokea Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Walikufa watu zaidi ya 800 kwa makadirio ya kawaida. Abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha, na waliozama hawakuhesabika sawasawa. Chombo kilielea kwanza kichwa chini, watu wakiwa hai ndani. Kilipotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichosajiliwa kwa abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Waliofariki ni 228, wengi wakiwa wanaonekana na jamaa zao waliokuwa wakiwangoja nchi kavu.

Ni lazima kusema kweli juu ya misiba hiyo. Haikusababishwa na chati mbovu, wala hakuna sonari inayoweza kukipunguzia mzigo chombo kilichojazwa kupita kiasi. Anayeitaja teknolojia kana kwamba ndiyo dawa ya mauti ya ziwani anawapunja wafu haki yao, kwa kuwa anaficha uzembe wa watu nyuma ya ukosefu wa mitambo. Walakini misiba hiyo iliuweka wazi ukweli mwingine. Mpiga mbizi anayeshuka kutafuta mwili anahitaji kujua anashuka wapi. Mwokozi anahitaji kujua mkondo na mwamba. Nahodha wa kivuko kidogo kinachobadili njia kwa sababu ya dhoruba anahitaji kina cha mahali asipopita kila siku. Hao hawakuwa mbele ya macho ya waliopima kwa ajili ya meli za mizigo, wala ya waliopima kwa ajili ya minofu ya sangara.

Dalili za mabadiliko zipo Mwanza. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi na lililopewa jina la John Pombe Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025 juu ya Ghuba ya Mwanza. Ili kulijenga ilibidi sakafu ya ghuba ijulikane kwa undani, tope liko wapi na mwamba unaanzia wapi, kwani nguzo haisimami juu ya makadirio. Gari linalopita hapo leo kwa dakika chache linapita juu ya elimu ya sakafu. Huko duniani nako, mradi wa kimataifa wa Seabed 2030, ulioanza 2017 wakati sehemu kama 6 tu kwa mia za sakafu ya bahari zilikuwa zimepimwa kisasa, ulikuwa umefikisha zaidi kidogo ya robo kufikia 2025. Mradi huo hupokea pia vipimo kutoka vyombo vya kawaida: mwenye mashua yenye kipimakina anaweza kuchangia nukta zake. Nyanza lina makumi ya maelfu ya vyombo vya uvuvi. Lau sehemu ndogo tu ya hivyo ingeandika kina inapopita, mafungu na miamba ya kando yangejulikana upesi kuliko kwa kungoja meli moja kubwa.

Wavuvi hao wana kingine ambacho mtambo hauna. Mvuvi hupajua pahala pa nyavu kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mti na jiwe, kilima na paa. Hujua chini pakoje kwa uzito wa nanga na kwa kilichonasa kwenye ndoano. Na mahali anapopajua hupapa jina. Ramani mpya ya Nyanza ina mamilioni ya tarakimu lakini chini ya maji haina karibu jina lolote. Majina yamo vinywani mwa wazee wa Ukerewe, Ukara, Kayenze na Igombe, na kioo cha mashine anayoinunua kijana hakimwombi alijue. Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Leo yanaweza kufikiwa kwa mlio, wingi wake ukajulikana, na bado yakabaki mageni kwa kukosa jina.

Pwani ililijua hilo mapema. Waliosema Kilindini hawakuacha chati, wala kamba yao haikubaki. Bildi lao limekwisha kuoza au kuyeyushwa. Kipimo chao kingali kinatumika kila meli inapoingia, kwa sababu walikiweka katika neno. Kazi iliyobaki Mwanza ni ya wapimaji na ya wenye lugha kwa pamoja: kuyaandika majina ya miamba, mafungu na vilindi vya Nyanza kandoni mwa tarakimu zake, wakati wanaoyajua wangalipo.